Sura ya Tano: Kikapu Kisichouliza

Inspekta alikuwa na methali moja tu aliyoiamini kwa moyo wote, nayo ni ile ya siku za mwizi arobaini. Kwa miaka ishirini na sita kazini ameiona ikitimia mara nyingi, na pale isipotimia husema tu kwamba arobaini bado hazijafika. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, alipopanda ngazi tatu za kliniki ya afya ya akili, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, alikuja na jibu lake mfukoni. Pete ya uchumba imepotea. Mwanamke mwenye kesi ya wizi alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale pete ilipokuwa. Alitarajia kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Metroni wa kliniki, mama mrefu mwenye sauti ya kupanga watu foleni, alimkaribisha ofisini kwake na kumwekea chai.

"Utanisamehe, Afande, kikombe hakina kisahani. Vilikuwa sita, vyeupe vyenye mstari wa buluu. Jumanne asubuhi wageni wa bodi walikuja, mmoja akavunja kimoja hata chai haijapoa. Hivi vitano nimevifungia kabatini, nisije nikabaki na hadithi."

"Kisahani hakinywewi, mama," akasema Inspekta, akatia sukari vijiko vitatu. Daktari wake alikuwa amemruhusu kimoja, lakini daktari hakuwepo.

Metroni akafungua faili. Mshukiwa ni fundi cherehani wa miaka sitini, mjane, na jina la Bi Vijiko alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa. Mwaka jana alikamatwa kwenye mgahawa na vijiko vya chai kumi na kimoja ndani ya mkoba. Hakimu alipoona ripoti ya kliniki hakumpeleka jela. Alimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja kwa masharti mawili: ahudhurie matibabu, na asiibe tena. Akiiba hata kifungo cha shati, anaingia ndani miezi sita.

"Na mwaka unaisha lini?"

"Jumapili." Metroni alivua miwani yake akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Siku tatu, Afande. Karani wa hakimu amepiga simu. Anataka taarifa yako leo kabla ya saa kumi jioni. Ukiandika ameiba, Jumatatu haamkii kwake."

"Mimi naandika ninachokikuta, mama. Sipiki."

Alikuwa bado anakoroga chai pale kilio kiliposikika kwenye korido. Inspekta akainuka hapo hapo, akatoka mbio, akaiacha chai ikizunguka yenyewe kikombeni.

Aliyekuwa analia ni Mfamasia, msichana mwenye mashavu ya mviringo aliyekuwa anaolewa Jumamosi na dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa amejifungia ndani ya chumba cha dawa na kuliacha dirisha wazi, kwa hiyo wagonjwa sita waliokaa kwenye benchi chini ya dirisha walikuwa wanalia naye kwa kumsaidia. Inspekta aliwaomba wamalizie baadaye, akabisha mlango, akafunguliwa, akaingia.

"Mchumba wangu amepiga simu anauliza kama vidole vimepungua," Mfamasia akasema kwa kwikwi. "Nimemwambia sijavaa pete kwa sababu vidole vimevimba. Sasa anataka kuniletea barafu."

"Hebu nieleze Jumanne. Polepole."

Mfamasia alivuta pumzi. Kila anapotaka kuhesabu vidonge huvua pete, kwa sababu unga wa dawa huingia chini yake. Huiweka kwenye kisahani pembeni ya sinki. Hufanya hivyo kila siku, anaweza kufanya hata akiwa usingizini. Jumanne saa sita kamili aliivua, akaiweka kwenye kisahani, akahesabu. Saa sita na nusu aliitaka, haipo. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Kisahani kiko wapi?"

"Ndiyo shida, Afande! Kachukua na kisahani chake!"

Inspekta alitazama pembeni ya sinki. Palikuwa na kipande cha sabuni tu. Aliandika: *pete na kisahani*. Mwizi wa kubeba na sahani hakuwahi kumwona.

"Na benchini alikuwepo nani?"

Mfamasia alishusha macho. "Bi Vijiko. Alikuwa anasubiri zamu ya kuonana na Mshauri. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri tu. Yeye ndiye anayenishonea gauni la harusi. Jana nimemtumia ujumbe aache kushona." Machozi yakaanza upya. "Kabakiza pindo tu."

Mtu alibisha dirishani. Mfamasia alifuta uso, akahesabu vidonge ishirini na moja kwenye sinia, akavimimina ndani ya bahasha ndogo ya kaki, akakunja mdomo wake mara mbili na kuchomeka kona ya kulia ndani. Bahasha ikafunga bila gundi. Alimpa mzee aliyesubiri, akamwambia asile na maziwa, akarudi kulia palepale alipoishia.

"Mkunjo huo umejifunzia wapi?" Inspekta aliuliza, kwa sababu alipenda vitu vilivyofanywa vizuri.

"Kwa marehemu bibi yangu. Alikuwa anauza karanga."

Saa nne Inspekta alikuwa kwenye chumba cha Mshauri nasaha, kijana mwembamba wa sauti ya chini, mwenye meza safi kupita kiasi na fomu ya kurasa nne mbele yake. Walikuwa wamekubaliana hivi: Mshauri atauliza, Inspekta atakaa kwenye kona na kunyamaza mpaka aruhusiwe. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake, lakini aliahidi kujitahidi.

Bi Vijiko aliingia na futi ya kupimia shingoni na pini tatu kwenye kola. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na macho yake yalikagua mishono ya koti la Inspekta kabla hajafika kwenye uso.

"Shikamoo, mama," Inspekta akasema, akajishangaa. Hajawahi kumwamkia mshukiwa.

"Marahaba, mwanangu. Mfuko wako wa kushoto umefumuka. Ukija jela kunitembelea, niletee niushone."

Mshauri akatabasamu, akaanza.

"Mama, tulishayaongea haya ulipokuja mara ya kwanza. Leo nayauliza tena yote. Kabla ya kuchukua kitu, mwili unahisi nini?"

"Huanzia kwenye vidole. Vinawasha. Halafu kifua kinabana, na kile kitu kinakua. Kijiko kinakuwa kikubwa kuliko meza. Sisikii tena watu wanaongea nini."

"Ukishachukua?"

"Ah, raha! Raha ya kutoka hapa mpaka kwenye kona. Nikikata kona imekwisha, aibu imeshika zamu, na aibu haina zamu fupi."

"Unavitumia hivyo vijiko?"

"Mimi chai nakunywa bila sukari."

"Huwa unapanga? Unachagua siku, mahali?"

"Ningekuwa napanga, ningeiba cherehani."

Inspekta alikohoa kuficha kicheko. Mshauri aliweka alama, akageuza ukurasa.

"Umewahi kuchukua kwa sababu umemkasirikia mtu?"

"Nikimkasirikia mtu namwambia usoni. Muulize wifi yangu."

"Kuna sauti inayokuamuru?"

"Hakuna. Ni mkono wangu huuhuu."

"Kuna vipindi unakuwa na nguvu nyingi, hulali, unaanzisha mambo kumi kwa mpigo?"

"Wateja wakidai nguo za sikukuu. Zaidi ya hapo saa tatu nimelala."

"Unasahau ulikoweka vitu?"

"Laiti!" Bi Vijiko akapiga goti lake. "Kila kijiko nakumbuka meza kilikotoka na nani alikuwa anakunywa nini. Ningekuwa nasahau ningelala."

Mshauri akaweka kalamu chini kabla ya swali lililofuata. "Umewahi kuona ni bora usingekuwepo?"

Bi Vijiko aliizungusha futi kwenye kidole. "Mwaka jana, siku ile ya mgahawani. Mjukuu wangu alikuwepo, aliona. Usiku ule niliwaza vibaya. Tangu nianze kuja hapa, sijawaza tena. Nilikuwa na gauni la kumaliza."

Inspekta akawa anafungua na kufunga kalamu yake kwa kukosa la kufanya. Ilikuwa kalamu nzuri, yenye kifuniko chekundu kinachong'aa.

"Afande, samahani," Bi Vijiko akasema. "Hicho kifuniko kinaniita tangu nimeketi. Kitie mfukoni, tafadhali."

Inspekta aliitia kalamu mfukoni haraka. Mshauri aliuliza kwa upole, "Umefanya nini hapo, mama?"

"Nimesema. Si ulinifundisha? Mkono ukitaka kusema, mdomo uuwahi."

Mshauri akamgeukia Inspekta, akampa ruhusa kwa kichwa. Inspekta alisogeza kiti.

"Mama, vitu ulivyochukua, huwa unavificha vipi? Unavifunga kwenye leso, kwenye karatasi?"

"Kufunga? Nikikifunga sikigusi. Na nisipokigusa, nakichukulia nini? Lazima kiwe kiganjani, wazi, nikisikie ubaridi wake."

"Pete ya Mfamasia?"

"Sikuichukua." Alimtazama machoni. "Wala sikuiona. Ningeiona ningeropoka hapohapo benchini, kila mtu akajua inaniita. Yule binti nampenda. Nimemshonea vifungo vya nyuma ishirini na sita, na sijabaki na hata kimoja, na kila kimoja kiliniita kwa jina."

Alipotoka, Inspekta alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni mara mbili.

"Wezi ninaowajua mimi hawaongei hivi."

"Mwizi anataka kitu," Mshauri akasema. "Huyu anataka mkono unyamaze. Ndiyo maana nauliza kuhusu kabla, wakati na baada. Ndiyo maana nauliza hasira, sauti, usingizi na kusahau. Kuchukua kunaweza kutoka kwenye milango mingi, na kila mlango una dawa yake. Kuna wagonjwa wa kuwasha moto, kuna wa kulipuka kwa hasira, nao pia huulizwa hivihivi."

"Kwa hiyo hakuiba."

"Sijasema hivyo." Mshauri aligonga fomu kwa kidole. "Karatasi hii inaniambia ana ugonjwa gani. Haiwezi kuniambia Jumanne saa sita mkono wake ulikuwa wapi. Hiyo ni kazi yako, Afande. Mimi ninachojua ni kwamba alirudisha vitu thelathini na kimoja kwenye kikapu kwa miezi mitano ya mwanzo, na miezi hii ya mwisho hajachukua hata kimoja."

"Kikapu gani?"

Kikapu kilikuwa mwisho wa korido, juu ya stuli. Kilikuwa cha ukindu, kina mfuniko ulioshonewa kwa uzi, na katikati ya mfuniko tundu la kupita ngumi. Ukutani palibandikwa karatasi: WEKA. HATUULIZI. Mteja yeyote aliyechukua kitu, hapa kliniki au kwingineko, hukitumbukiza humo. Aliye karibu hugeukia ukuta mpaka mwenzake amalize. Ijumaa asubuhi Metroni hukata uzi akiwa peke yake, akapanga namna ya kuvirudisha vitu kwa wenyewe, akashona upya.

Inspekta alimtazama Metroni, aliyewafuata hapo koridoni, na Metroni akatazama karatasi ya ukutani.

"Mmepekua mabegi," Inspekta akasema. "Mmepekua mapipa. Mmefunua mpaka tangi la choo. Kikapu hamkupekua?"

"Kikapu hakipekuliwi."

"Mama, mimi ni polisi."

"Na mimi nilikula kiapo mbele ya wateja arobaini. Nikikifungua Alhamisi, Ijumaa hakuna atakayekiamini."

Walibishana kwa kunong'ona, maana korido ilikuwa na masikio. Mwishowe walipatana: kikapu kitafunguliwa ofisini, mlango umefungwa, mkasi mikononi mwa Metroni, na Inspekta hataruhusiwa kutamka neno "nani". Mfuniko ulipoinuka, walikuta kitana, vifuniko viwili vya chupa, betri ya redio, mpira mdogo wa kijani, na bahasha ndogo ya kaki. Metroni aliifungua bahasha. Pete ikadondoka kiganjani mwake.

Metroni akaketi.

"Amejimaliza, maskini. Amechukua, akajuta, akarudisha. Angesubiri siku tano tu!"

Inspekta alipaswa kufurahi. Arobaini zimetimia, na saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa saba. Badala yake alijiona ana huzuni ya kweli, na huzuni ilimfanya aangalie tena alichokuwa tayari amekiangalia. Aliokota bahasha. Metroni hakuwa ameichana, alikuwa ameikunjua tu, na mikunjo ilionekana bado. Mdomo ulikuwa umekunjwa mara mbili, na kona ya kulia ilikuwa na alama ya kuchomekwa ndani.

*Lazima kiwe kiganjani, wazi.*

"Metroni," akasema polepole, "kisahani cha Jumanne kilivunjika saa ngapi?"

"Afande, huu si wakati wa vyombo."

"Saa ngapi?"

Metroni alikuwa mtu wa daftari. Alikuwa na daftari la mashuka, la sabuni, na la vyombo vilivyovunjika. Akafungua hilo la tatu. "Saa nne na robo. Kisahani kimoja. Mvunjaji, mjumbe wa bodi, ameomba radhi."

"Na hivyo sita, vyote hukaa jikoni?"

"Jikoni vitano. Cha sita kilikaa kwa Mfamasia siku zote, ila wageni walikuwa sita, nikakiazima..." Mkono wa Metroni ukaenda mdomoni.

"Ndicho kilichovunjika?"

"Ndicho."

"Kwa hiyo saa sita kamili, binti yetu aliweka pete kwenye kisahani ambacho kilikuwa pipani tangu saa nne na robo." Inspekta alivaa miwani. Damu ilikuwa imemchemka, na alipenda damu ikimchemka. "Niazime hiyo pete. Na usimwambie mtu kama imeonekana."

Chumba cha dawa kilikuwa na foleni ya mchana. Inspekta aliitia pete ya Mfamasia mfuko wa ndani, akavua pete yake mwenyewe ya ndoa, iliyotoka kwa shida kwa sababu ya ile sukari, akampa.

"Ivae. Usiniulize. Wahudumie hawa watu kama siku zote, mimi nakaa hapa nakuna kichwa."

Mfamasia aliivaa. Cheti cha dawa cha kwanza kilikuja. Alisoma, akachukua sinia, na akavua pete. Mkono wake ulikwenda pembeni ya sinki, ukakuta sabuni, ukarudi. Macho yake hayakutoka kwenye cheti. Mkono ukachukua bahasha ya kaki, ukatumbukiza pete, ukakunja mara mbili, ukachomeka kona, na ukaiweka bahasha kwenye ukingo wa dirisha, pamoja na bahasha nyingine zilizosubiri wenyewe. Kisha akaanza kuhesabu, "Mbili, nne, sita..."

"Pete yangu iko wapi?" Inspekta akauliza.

"Kwenye kisahani," Mfamasia akajibu bila kugeuka. "Nane, kumi..."

Hapo akasimama. Aligeukia sinki. Akatazama sabuni. Akatazama mikono yake, upande huu na upande huu.

"Mungu wangu. Afande, huu mkono umefanya nini?"

"Umefanya kazi bila kukuuliza," Inspekta akasema. "Sio wa Bi Vijiko peke yake wenye tabia hiyo." Akakivuta kiti akamkalisha.

Kilichobaki ni safari ya kutoka ukingo wa dirisha mpaka kikapuni. Inspekta aliisukuma bahasha kidogo kwa kiwiko, kama mtu anayepokea dawa zake kwa haraka. Ilianguka nje, upande wa benchi, bila kelele. Akatoka akaiokota, akaivaa tena pete yake.

Aliyefagia upande wa benchi alikuwa mhudumu wa usafi, mzee aliyeitwa Mzee Kimya. Miaka saba kliniki, na hakuna aliyewahi kusikia umbea kutoka kwake. Siku mbili nzima alikuwa ameulizwa kama ameona pete, na siku mbili nzima amejibu hajaona. Inspekta, Metroni nyuma yake, alimkuta anakamua dekio.

"Shikamoo, mzee. Jumanne mchana ulipofagia chini ya dirisha la dawa, ulipeleka kitu kikapuni?"

"Kikapu hatuulizi, Afande," Mzee Kimya akasema kwa adabu, akageukia ukuta.

Metroni alitaka kuingilia. Inspekta akamzuia. Alifikiri kidogo, akaegemea mlango.

"Sikuulizi kikapu. Nakuuliza ufagio. Ufagio wako ukikuta kitu sakafuni, hufanya nini?"

Mzee Kimya aliligeuza swali kichwani, akaona halina mtego. Akageuka. "Inategemea. Kalamu inakwenda mapokezi. Takataka pipani. Lakini kitu kidogo kilichofungwa vizuri, chini ya benchi la wateja, hicho kina mwenyewe. Huyo ni mtu alikuwa anataka kurudisha, nguvu zikamwishia njiani. Mimi nammalizia safari."

"Unakifungua?"

"Nifungue ili iweje?"

"Na Jumanne ufagio ulikuta nini?"

"Bahasha ya kaki. Saa saba kasoro."

"Mzee!" Metroni akapaza sauti. "Siku tatu tunahangaika, kwa nini hukusema?"

"Mliuliza pete. Mimi pete sijaiona." Alimtazama bosi wake bila kinyongo. "Na siku yangu ya kwanza kazini uliniambia mwenyewe, mama: la kikapu, ukiona, hukuona. Ningejua mna jambo ndani..." Akatikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga. "Yule bibi ananishonea sare bure."

Metroni alifunika uso kwa mikono yote miwili. Inspekta alidhani analia, kumbe mabega yanaruka kwa kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekuwa amebeba gunia siku tatu akaambiwa alitue. Mzee Kimya naye akaanza kucheka, na dekio likamtoka mkononi.

Saa nane na nusu Inspekta aliandika taarifa yake kwa kalamu ya kifuniko chekundu. Aliandika kisahani na saa yake ya kuvunjika, mkunjo wa bahasha, mkono wa Mfamasia uliojaribiwa mbele ya mashahidi wa benchini, na ufagio. Alimalizia kwa maneno haya: *Hakuna wizi uliofanyika. Bi huyu alikaa hatua nne kutoka kwenye mlango ulio wazi, na hakugusa kitu. Hilo ninaomba mheshimiwa hakimu alitazame kwa uzito wake.* Alimsomea karani kwenye simu. Karani alimwomba arudie ile sehemu ya ufagio, kisha akasema faili litafungwa Jumatatu asubuhi, salama.

Wakati huo Mfamasia alikuwa ameshapiga magoti mbele ya Bi Vijiko katikati ya korido, pete kidoleni, koti jeupe limejaa vumbi.

"Nisamehe, mama. Nilikuhukumu."

Bi Vijiko alimtazama kwa muda, futi mkononi. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na machozi yalipita kwenye mikunjo bila kujificha. "Inuka, utachafua magoti, na gauni langu halitaki magoti machafu. Nimeumia, sikufichi. Jana usiku nilikaa na hilo gauni mapajani kama maiti." Akapenga kamasi. "Lakini pindo nimelimaliza leo alfajiri. Nilisema hata wakinifunga, binti hawezi kuolewa na nyuzi zinaning'inia. Na kwenye koti lako jeupe nitakutilia mfuko wa siri. Pete utaiweka humo ukihesabu dawa zako, mshono juu, usiweze kuufungua bila mimi."

Benchi zima lilipiga makofi, na mzee mmoja akapiga kigelegele kisichotarajiwa.

Metroni aliagiza chai ya watu wote. Alitoa visahani vitano kwa heshima ya siku, na kwenye glasi katikati ya meza akaweka vijiko. Hivyo ndivyo Mshauri alivyotaka tangu mwanzo: vijiko visifichwe, vikae wazi, na vihesabiwe mwisho wa chai mbele ya kila mtu, Bi Vijiko akiwepo. Kwa kawaida vilikuwa kumi na viwili, na kwa miezi mingi vilirudi kumi na viwili; leo, kwa furaha, Metroni hakuvihesabu alipovitoa.

Walikunywa, walicheka, walimwigiza Mzee Kimya alivyogeukia ukuta. Kisha Metroni akahesabu kwa sauti, akiwa bado anatabasamu. Alifika kumi na moja. Akahesabu tena. Kumi na moja.

Hakuna aliyetaka kumtazama Bi Vijiko, na kila mmoja alimtazama. Mfamasia alishika mkono wa aliyekaa karibu naye. Bi Vijiko aliweka kikombe chini taratibu, akanyoosha viganja vyote viwili, vitupu.

"Leo si mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Kweli tena."

Inspekta alivuta pumzi ili aseme kitu cha kiofisa. Kwa mazoea ya kazi, mkono wake uliingia mfuko wa kushoto wa koti, ule uliofumuka, kutafuta kalamu. Ulikuta kalamu. Chini ya kalamu, ndani ya bitana, ulikuta kitu kingine, chembamba, cha baridi. Alikumbuka asubuhi, chai iliyozunguka yenyewe, na kilio cha Mfamasia. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio.

Aliinuka, akavuka chumba, akatoka koridoni ambako kikapu kilikuwa kimesharudishwa juu ya stuli yake, kimeshonwa upya. Watu wote walimfuata mpaka mlangoni. Akatumbukiza mkono kwenye tundu. *Kling.*

Mzee Kimya alikuwa wa kwanza kugeukia ukuta. Metroni akafuata, kisha Mfamasia, kisha benchi zima, migongo ikitikisika kwa kicheko kilichobanwa. Bi Vijiko aligeuka mwisho. Aliweka paji la uso wake ukutani, chini kabisa ya ile karatasi, na sauti yake ilitoka nzito kwa furaha.

"Mimi siulizi, Afande. Ila Mshauri ana nafasi Jumatatu saa tatu."